Shingo ya Kusomea Uhandisi

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mtu anayetaka kusomea uhandisi wa ujenzi kwa kupitia diploma hupimwa shingo. Anapewa mfuko wa saruji, ule wa kilo hamsini, anajitwika, anapanda nao ngazi mpaka ghorofa ya nne bila kuushika kwa mkono, na akifika juu anamkuta profesa amekaa kwenye kiti na kile kipimo cha daktari masikioni. Profesa anamwekea kidude cha baridi shingoni na kusikiliza. Akisikia ufa, mwombaji anashushwa na kuambiwa akajaribu ualimu. Asiposikia kitu, mhuri unagongwa na mtu ameshakuwa mwanafunzi.

Wewe cheka tu. Habari hiyo ingekufikia kama ilivyonifikia mimi, ukiwa na mashine ya kunyolea mkononi na mtu mzito amekaa kwenye kiti chako, hata wewe ungeshaanza kuulizia saruji.

Nilikuwa kinyozi hapa Tabora mjini, kwenye kibanda cha mabati kati ya fundi baiskeli na mama mmoja muuza vitumbua. Nusu ya vichwa vya mji huu vimepita mikononi mwangu, na nusu iliyobaki ni vya wenye upara. Kiangazi mabati yale yalipata moto kiasi kwamba mteja aliingia, nywele zikaanza kuanguka zenyewe, mimi nikawa namalizia pembeni tu. Mchana nilinyoa, jioni nilisoma. Shule yetu ya jioni iliazima darasa la shule ya msingi, na madawati yalikuwa ya watoto wadogo, kwa hiyo tulisoma miaka yote ile magoti yakiwa jirani na masikio. Tulikuwa wauza nyanya, waendesha bajaji, wakunga, na mlinzi mmoja aliyekuja na rungu lake na kulilaza juu ya dawati kama rula. Mwalimu wa Kiingereza hakuwahi kumkosoa.

Mtihani wa kidato cha nne nikaufaulu. Hisabati C, kemia C, fizikia D, ila ilikuwa D nene, yenye afya, imebakiza pumzi moja tu iwe C.

Uhandisi ulinianza utotoni. Mimi ni mtoto wa Usinge. Njia ya kwetu kwenda mashambani inakatwa na kijito ambacho kiangazi kuku anakivuka bila kulowa magoti, na masika kinakula daraja. Kimekula madaraja kama mtu anavyokula karanga, bila hata kuangalia. Kila likiondoka, wanaume wanakwenda kukata magogo, wanayalaza palepale, vilevile, halafu mvua zikija wanashangaa. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini tusilijenge mahali pengine, au kwa namna nyingine. Nikaambiwa niache maswali nishike gogo. Nikashika gogo, lakini swali sikuliacha. Mwaka mmoja lilipoondoka, mama yangu alibaki ng'ambo na mahindi yake mpaka yakaota ndani ya magunia, na toka hapo nikawa nataka kitu kimoja tu: kuwa yule mtu anayejua kwa nini daraja linaondoka.

Sasa, cheti cha kidato cha nne kilipotoka, njia zikawa mbili, na kila njia ikawa na wakili wake.

Wakili wa njia ya kwanza alikuwa mwalimu wetu wa hisabati, mzee mfupi aliyestaafu serikalini lakini akagoma kustaafu ubaoni.

"Wewe kinyozi, baki hapahapa," aliniambia. "Kidato cha tano na cha sita, miaka miwili. Hisabati ya juu, fizikia, kemia. Ukitoka hapo unaingia chuo kikuu moja kwa moja, miaka minne, umemaliza. Ndiyo njia fupi."

"Na nikifeli, mwalimu?"

"Utakuwa umefeli hisabati ya juu. Hata hilo lina heshima yake."

Wakili wa njia ya pili alikuwa mke wangu. Wazazi wake ni wakulima wa tumbaku kule Ulyankulu, watu wasiopenda kubahatisha, na yeye karithi yote.

"Diploma ni miaka mitatu," alisema. "Ukiishia hapo, tayari una kazi mkononi. Ukitaka kuendelea, unaomba shahada, miaka minne mingine. Ni ndefu, lakini katikati ina mahali pa kukaa."

"Mwalimu anasema kidato cha sita ndiyo fupi."

"Mwalimu hali humu ndani."

Tulizunguka hapo wiki nzima. Mwishoni akaweka ufagio chini, jambo analolifanya akiwa na neno zito, akaniambia: "Nisikilize, Injinia. Kibanda nitakishika mimi, nitamtafuta mtu wa kunyoa, watoto watakula na watakwenda shule. Nitakusubiri kwa njia moja. Chagua unayoitaka, sitakulaumu. Ila ukifika katikati ukaniambia kumbe siyo hii, ni ile, mimi sitakuwa na pumzi ya kuanza tena."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa afadhali, ningepata pa kujibia. Nilijua anasema kweli, na nilijua kwamba umri wangu nao unasema hivyohivyo. Nilikuwa na nafasi moja, na dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa linakaribia kufungwa.

Basi nikaanza kunyoa vibaya. Akili iko kwenye njia mbili, mkono uko kwenye kichwa cha mtu. Mchungaji mmoja wa Kimoraviani aliingia kutaka kupunguziwa kidogo tu, akatoka na panki, kishungi katikati kama jogoo. Nasikia Jumapili ile kwaya iliimba kwa furaha ambayo haijapata kuonekana.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja mteja wangu mhandisi. Huyu alikuwa msimamizi wa barabara iliyokuwa ikijengwa kuelekea magharibi, mhandisi kamili, mwenye kofia ngumu na gari lenye vumbi la heshima. Kwao Kisarawe. Alikuwa mcheshi, ila mwenye tabia moja ya ajabu: kila akija alinichukulia kitu. Leo chanuo, kesho kopo la poda, siku moja alibeba kiti cha wageni akakipakia kwenye gari. Hakuomba. Alisema tu, "Hiki nachukua, mpagazi wangu," akaondoka zake. Mimi nikadhani ndivyo wahandisi walivyo. Watu waliozoea kubomoa nyumba za watu kupisha barabara, chanuo kwao ni kitu gani?

Siku hiyo nikamfunga kitambaa shingoni, nikamuuliza: "Mkuu, wewe ulipitia wapi? Kidato cha sita au diploma?"

"Kidato cha sita," akajibu. "Shingo yangu ilikuwa nyembamba."

Nikazima mashine. "Shingo?"

"Hujui?" Akanitazama kupitia kioo, hata kope haikucheza. "Wa kidato cha sita wanapimwa kichwa, hesabu tupu. Wa diploma wanapimwa shingo." Ndipo akanieleza yote, mfuko, ghorofa ya nne, profesa na kipimo chake. Alieleza taratibu, kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Lakini kwa nini, mkuu?"

"Nguzo inafanya kazi gani kwenye jengo?"

"Inabeba."

"Sasa mtu ambaye hajawahi kubeba, atajuaje nguzo inasikia nini?"

Nikaona ina mantiki. Mpaka leo ukiniuliza ghafla naona vivyo hivyo.

"Sisi wa kwetu Kisarawe tunaanguka ghorofa ya pili," akaendelea huku akijipangusa nywele usoni. "Mnyamwezi hajawahi kuanguka. Ila kwenu kuna sharti moja la ziada. Wengine wote wanabebeshwa mfuko wa chuo. Mnyamwezi anatakiwa aje na wa kwake, kwa sababu wa chuo atauona mwepesi, atasema ameonewa."

Hapo ndipo aliponimaliza. Unaweza kumdanganya Mnyamwezi kuhusu mambo mengi akakushtukia, lakini ukimwambia kwamba mahali fulani duniani kuna watu wameketi wanamsubiri aje abebe, hakushtukii hata kidogo. Kwetu kubeba ni habari ya ukoo. Babu zetu walitoka hapa na meno ya tembo mpaka pwani, wakarudi na majora ya nguo, kwa miguu, miezi na miezi, huku wakiimba. Njia ya misafara ile bado ipo. Kipande chake cha kwenda Kwihara kinapita karibu na mji, na watu wanakitumia kupeleka mkaa na kuku sokoni kama njia nyingine yoyote. Kwa hiyo mimi nilipoambiwa kuna chuo kinachopima shingo, sikuona kichekesho. Niliona haki imetendeka.

Mhandisi akasimama, akajitazama kwenye kioo, akachukua brashi yangu ya kupangusia, akaondoka.

Jioni hiyo nikamwambia mke wangu nimechagua diploma. Akafurahi, akapika wali. Sababu sikumwambia, na yeye hakuuliza, kwa vile alidhani nimesikiliza hoja zake. Ila huwezi kumficha mtu mfuko wa saruji. Nilipoushusha uani alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Tunajenga?"

"Hapana."

"Tunaziba nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko ukidondosha mchuzi chini. "Umeambiwa na nani?"

"Na mhandisi mwenyewe."

Mhandisi ni mtu mkubwa, na mke wangu hakuwahi kufika chuo chochote ili aweze kubisha. "Haya," akasema. "Kama ndivyo wanavyofanya, wanajua wao. Lakini usinivunjikie shingo kabla hujasoma." Akaingia ndani, akachana kanga yake ya zamani, akanisokotea ngata nzuri ya kuweka kichwani chini ya mzigo. Ndiyo maana nasema nimeoa vizuri.

Habari zikafika Kigwa kwa mjomba wangu, na mjomba akapanda treni akaja. Alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kutangazia abiria, na alijipa mwenyewe ukocha kabla hata hajanywa maji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu geuka." Akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Shingo ya kuku hii. Lakini damu ipo, itaitikia. Ukoo wetu ulibeba mashua ya Mzungu vipande vipande mpaka ziwani. Babu wa babu yako alibeba kipande cha mbele peke yake, na juu ya kipande amekaa Mzungu anakunywa chai, na haikumwagika."

"Na wewe, mjomba, ulibeba nini?" mke wangu akauliza akimpa kiti.

"Mimi nilikuwa serikalini."

"Si ulikuwa unapunga bendera pale stesheni?"

"Treni nzima ilikuwa inasimama kwa mkono huu," mjomba akasema. "Treni ina uzito gani?"

Mke wangu akakubali kwamba treni ni nzito.

Tukaanza mazoezi. Kwanza debe la pumba, halafu debe la mchanga, halafu nusu mfuko, halafu mfuko wenyewe. Alfajiri kabla ya kufungua kibanda tulishika njia ya Kwihara, mimi mbele na mzigo, mjomba nyuma na fimbo, akipaza sauti: "Mikono chini. Macho mbele. Usimtazame kuku." Wiki ya kwanza niliuangusha mfuko mara nyingi sana, na kila ukianguka ulitoa wingu jeupe, nikawa narudi mjini nimepauka kama mzimu, wateja wakidhani nimejipaka poda ya watoto. Wiki ya pili ngata ilikaa, kiuno kikaelewa, na shingo, niamini nikikuambia, shingo ikanenepa mpaka mashati yote yakagoma kufunga kifungo cha juu. Nikigeuka kumtazama mtu, mabega nayo yanakuja. Fundi baiskeli jirani yangu akaanza kuniita Ng'ombe wa Jembe. Nilichukulia kama pongezi.

Njiani tulikutana na akina mama waliokuwa wakileta mboga mjini. Mmoja wao, mwenye tenga la nyanya kichwani alilolibeba kana kwamba ni kitambaa, akanisimamisha.

"Mwangaluka, baba. Unahama?"

"Hapana, mama. Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Uhandisi."

Akautazama ule mfuko kwa huruma. "Siku hizi vitabu vizito," akasema, akaendelea na safari yake.

Kitu kimoja tu kiliharibika katika kipindi kile, nacho ni hisabati. Mwalimu wetu alikuwa ameanzisha masomo ya kujiandaa kwa wote tuliofaulu, waende kidato cha tano au diploma, bure kabisa, kwa mapenzi yake tu. Mimi nikaacha kwenda. Ya nini? Wanaopimwa kichwa ni wale wengine. Siku moja akaja kibandani mwenyewe.

"Mbona huonekani?"

"Niko mazoezini, mwalimu."

"Mazoezi ya sura ya ngapi?"

"Ya shingo."

Mwalimu alikuwa amefundisha watu wa kila aina, na nadhani aliamua kwamba huyu ndiye aina ya mwisho. "Ukimaliza shingo," akasema, "nitakuwa kwenye vipeo." Akaondoka bila kunyoa.

Baada ya hapo likaja tangazo kwenye gari la matangazo, linazunguka mji mzima na spika lake: vyuo vimekuja Tabora, viko uwanjani, njooni mpate ushauri na kufanyiwa maombi palepale. Dirisha lilikuwa linafungwa wiki ileile. Mjomba akasema hii ndiyo siku yenyewe, na kwamba tusiende mikono mitupu. Mtu anayeomba kazi ya kunyoa haendi bila mkasi. Nami nikakumbuka sharti la Mnyamwezi kwenda na mfuko wake, nikaona mjomba ameongozwa na Mungu.

Nikavaa suti yangu ya harusi, shati likiwa wazi juu kwa sababu unayoijua. Nikajitwika. Tukatoka nyumbani kwa maandamano: mjomba mbele akisafisha njia kwa fimbo, mimi katikati, mke wangu nyuma na mfuko wa plastiki wenye vyeti. "Shingo iko kwako, vyeti viko kwangu," alisema. "Kimoja kikikataa, kingine kipo." Sokoni watu waliacha kununua. Bodaboda walizima pikipiki. Kufika uwanjani tulikuwa tumefuatwa na theluthi moja ya mkoa, na wengine walikuwa wameshaanza kusema ni mgombea.

Meza ya chuo nilichokitaka ilikuwa chini ya hema la bluu. Alikuwepo dada mmoja mwenye fulana ya chuo na miwani, na pembeni yake kijana mwenzake wa kazi. Nikasimama mbele yao, mikono chini, macho mbele, vumbi la saruji likishuka taratibu kwenye kola.

"Kaka," dada akasema, "vifaa vya ujenzi wanapokelea geti la nyuma."

"Mimi ni mwombaji," nikasema. "Uhandisi wa ujenzi. Diploma halafu shahada."

"Karibu sana. Sasa huo mfuko?"

"Ndio wangu. Naona hapa hakuna ghorofa, lakini naweza kupanda majukwaa ya uwanja, ni marefu vilevile. Profesa yuko wapi?"

"Profesa gani?"

"Wa shingo."

Yule kijana akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka, na hatukumwona tena kwa kitambo. Dada hakucheka. Alimtazama mjomba, akamtazama mke wangu, akanitazama mimi. "Shikamoo, mzee," akamwambia mjomba. "Tafadhali msaidie atue."

Tukautua. Nikakaa. Nikamweleza habari nzima kama ninavyokueleza wewe, ila kwa fahari zaidi. Yeye akaomba vyeti, mke wangu akavitoa, akavisoma.

"Una hisabati nzuri," akasema.

"Ahsante. Lakini kwa diploma haihitajiki sana."

"Nani kasema? Diploma ina hisabati kila mwaka. Shahada ndiyo usiseme. Zote mbili, kaka, ukipitia huku au kule, zinapita kwenye hisabati."

Nikasikia shingo inauma, kwa mara ya kwanza tangu wiki ya kwanza.

"Hebu tuuweke huo mfuko pembeni," dada akaendelea. "Tuseme haupo. Kwa nini unataka diploma?"

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikuhitaji kugeuka, ambako hata hivyo kungehitaji mabega yote, kujua anafikiria nini. Alikuwa ameahidi kusubiri kwa njia moja, na kumbe njia hiyo nimeichagua kwa ajili ya profesa ambaye hayupo. Nikaona mwaka wangu unaondoka na maji. Hata mjomba akashusha fimbo.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kijito cha Usinge. Nikamweleza kuku, magogo, mahindi ya mama yaliyoota ndani ya magunia. Sikuongeza chumvi hata punje, ndivyo nilivyoogopa. Yeye akasikiliza, safari hii akiandika.

"Mnapolaza hayo magogo, udongo wa kingo ukoje?" akauliza.

"Mwekundu juu, chini kama majivu. Ukikanyaga unateleza."

"Shule yenu ya jioni ina maabara?"

"Haina. Fizikia ya vitendo tulisoma kwa kuchora ubaoni."

"Na ukibaki kidato cha tano, utasomea hapohapo?"

"Hapohapo. Siwezi kuacha kibanda nikaenda bweni."

"Kwa hiyo fizikia ya kidato cha sita utaifanya kwa kuchora tena, nayo ni ngumu mara nyingi zaidi." Akaiweka kalamu kwenye D yangu nene, wala hakuidharau. "Inawezekana, wapo waliofanya. Lakini ukija kwetu, mwaka wa kwanza unaingia maabara, unashika udongo kwa mikono, unaupima unavyobeba na unavyolowa. Likizo unapelekwa kwenye mradi, unaona watu wanavyojenga. Ukimaliza na wastani mzuri, unaomba shahada kwa cheti hicho. Utachelewa mwaka mmoja kuliko mwenzako. Ila kwa mahali unapotokea wewe, naona huku ndiko kwenye ngazi imara."

"Mwaka wa kwanza nashika udongo?"

"Mwaka wa kwanza."

"Kama ule wa majivu?"

"Uuchukue kabisa uje nao. Huo ndio mzigo unaofaa."

Nikageuka, mabega na vyote, nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameshika ule mfuko wa plastiki kifuani kwa mikono miwili.

"Ni ileile?" akaniuliza.

"Ileile. Diploma."

"Hujabadilisha."

"Sijabadilisha."

"Basi sijaanza tena," akasema, akavuta kiti cha mtu mwingine akakaa.

Dada akaanza kuingiza maombi yangu kwenye kompyuta. Yule kijana alikuwa ameshatoka chini ya meza, macho mekundu, na akamletea mjomba maji. Mjomba akayanywa, akiutazama mfuko kama askari wa zamu anayetazama wenzake wakicheza mpira. Jioni ile ilikuwa lazima nimwendee mwalimu kwenye vipeo, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

"Mwambie na lile la shingo," mke wangu akamwambia dada. "Mwambie tu wazi. Mimi akiniuliza nitashindwa kumjibu, maana aliyemwambia ni mhandisi."

Dada akaacha kuandika. "Huyo mhandisi ni nani kwako?"

"Mteja wangu," nikasema. "Namnyoa."

"Mtu wa wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo, basi. Na wewe?"

"Mnyamwezi. Wa Usinge."

Akavua miwani. "Kaka yangu, hakuna chuo kinachopima shingo," akasema. "Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, wanachukuliana hata vitu. Huyo ni mtani wako, alikuwa anakutania."